Asante ya Mfalme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Nishani ya Kifalme ya Victoria

Kila Mwaka Mpya na kila Juni, majina ya waliotunukiwa nishani Uingereza yanapotangazwa, watu huniuliza yale yale. Mbona mpishi naye yumo? Herufi MVO ni za nini? Mtu wa kwetu amewahi kuipata? Nimeamua kuyakusanya majibu mahali pamoja.

Habari hii imenikaa moyoni kwa sababu ya babu yangu mzaa mama, aliyempikia bwana mmoja wa Kiingereza kule Tanga kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kuagana alipewa saa ya mezani na barua ya ukurasa mmoja. Saa ilikufa zamani. Barua ipo, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo karatasi imeanza kuachana. Mama ameitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya Msahafu. Ndiyo maana nikisikia kwamba kuna nishani nzima iliyowekwa kwa ajili ya kumshukuru aliyepika, aliyefua, aliyeandika barua na aliyeshika hatamu za farasi, nasimama kusikiliza.

Nishani hii ni kitu gani hasa?

Ni nishani ambayo mfalme au malkia wa Uingereza humpa mtu aliyemhudumia yeye mwenyewe, au jamaa zake, au wale wanaomwakilisha ng'ambo kama magavana jenerali. Jina lake rasmi ni Royal Victorian Order.

Maneno ya kushika hapo ni "yeye mwenyewe". Nishani nyingi za Uingereza hutolewa kwa jina la mfalme, lakini anayeamua ni serikali. Majina hupita kwenye kamati, hufika kwa waziri mkuu, na mfalme huridhia. Hii ya Victoria haipiti njia hiyo. Mfalme ndiye anayeamua, na waziri mkuu hana kauli.

Zipo nishani nyingine chache zilizo mikononi mwa mfalme namna hiyo: Garter, Thistle ya Uskoti, na Order of Merit ambayo Edward VII aliianzisha mwaka 1902. Lakini hizo zina idadi maalumu ya watu, nazo ni za wakubwa, kama mawaziri wakuu wastaafu, majemadari na wanasayansi mashuhuri. Ya Victoria haina kikomo cha idadi. Ndani yake utamkuta katibu mkuu wa ikulu na utamkuta mtunza bustani.

Kwa nini Malkia Victoria aliianzisha?

Aliianzisha tarehe 21 Aprili 1896, akiwa na miaka 76, karibu miaka 59 tangu ashike kiti. Katika muda huo mrefu madaraka yalikuwa yakimtoka polepole kwenda kwa mawaziri, na nishani zikafuata njia hiyo hiyo. Akitaka kumtunuku mtu aliyemsaidia nyumbani mwake, ilibidi apitie kwa wanasiasa, na wanasiasa wana watu wao wa kuwalipa fadhila.

Tazama hali yake ilivyokuwa. Mtu anatawala robo ya dunia, majeshi yanapigana kwa jina lake, lakini hawezi kumwambia mhudumu wake asante kwa namna ambayo watu watamtambua, mpaka aombe. Nishani hii ilikuwa njia ya kujirudishia haki moja ndogo ambayo hata mwenye duka la kona anayo, haki ya kumshukuru mtu wake kwa hiari yake.

Mwaka huo huo, tarehe 27 Agosti, manowari za malkia huyo zilipiga mizinga kasri la Sultani Unguja katika vita ambavyo havikutimiza saa nzima. Siwezi kuutaja mwaka 1896 nikaandika habari za nishani peke yake.

Hupewa watu gani?

Hapa ndipo penye utamu wa mambo. Wapo makatibu wa mfalme, wanaopanga siku yake na kufungua barua zake. Wapo madaktari na wakunga. Wapo askari wanaomlinda, madereva, wapishi, wachungaji wa farasi, wanawake wanaomvalisha malkia na kuzitunza nguo zake, wasimamizi wa michoro na vitabu vya kasri. Wapo mabalozi na maofisa waliopanga ziara ya kifalme nje ya nchi ikaenda salama. Ziara ya siku nne tu huwakesha watu miezi mingi, kuanzia nani atapanda gari lipi, ngazi ya ndege itakaa upande gani, chakula gani kisipikwe, mpaka mvua ikinyesha mwavuli ushikwe na nani. Kazi ya namna hiyo ikienda vizuri haionekani. Ikiharibika, dunia nzima huiona. Nishani hii huwaendea wale ambao kazi yao haikuonekana.

Watu huniuliza tofauti ya utumishi na ushujaa. Mfano mzuri ni mlinzi wa Binti Mfalme Anne, askari polisi James Beaton. Tarehe 20 Machi 1974 mtu mwenye bastola alilizuia gari la binti huyo barabarani karibu na kasri la Buckingham akitaka kumteka. Beaton alijiweka mbele akapigwa risasi tatu. Kwa ushujaa ule alipewa George Cross, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa nje ya uwanja wa vita. Baadaye, kwa miaka mingi ya ulinzi wa kila siku, ile ya kusimama mlangoni na kukaa kiti cha mbele cha gari, akaingizwa pia katika Nishani ya Victoria. Moja ilikuwa ya dakika chache za usiku ule, nyingine ya maelfu ya siku ambazo hakuna kilichotokea kwa sababu yeye alikuwa macho.

Ngazi zake ni zipi?

Ni tano. Ya juu ni Msalaba Mkuu, herufi zake GCVO. Ya pili ni KCVO kwa mwanamume na DCVO kwa mwanamke. Ya tatu ni CVO, ya nne LVO, ya tano MVO. Ukisoma vitabu vya zamani usichanganyikiwe, kwani hadi mwisho wa mwaka 1984 ngazi ya nne na ya tano zote ziliitwa MVO, zikitofautishwa kwa kutaja daraja tu.

Chini ya ngazi hizo kuna Medali ya Kifalme ya Victoria, RVM, yenye aina tatu, dhahabu, fedha na shaba. Kwa desturi medali ndiyo huwaendea wahudumu wa chini. Hilo huwaudhi baadhi ya wasomaji wangu, na nawaelewa. Hata katika shukrani, watu wamepangwa kwa ngazi. Ila wengi walioipata medali ile wameivaa kifuani kwa fahari kila sikukuu, na sioni sababu ya mtu wa mbali kuwadharaulia kilicho chao.

Inaonekanaje ukiishika?

Ni msalaba wa enameli nyeupe wenye ncha nane. Katikati pana duara lililorefuka kama yai, jekundu lililoiva, na juu ya wekundu huo zimesukwa herufi tatu, VRI, yaani Victoria, Malkia, Maliki. Duara hilo limezungukwa na mkanda wa buluu wenye neno moja tu, VICTORIA, na juu yake kuna taji. Neno hilo moja ndilo kaulimbiu ya nishani. Utepe wake ni wa buluu nzito, na kwenye kingo zake kuna mistari myembamba, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Wanaume wa ngazi za chini huuvaa kifuani, na wanawake huweza kuuvaa ukiwa umefungwa kama ua karibu na bega la kushoto.

Igeuze nyuma utakuta namba. Kila moja ina namba yake, na namba hiyo ina jina la mtu kwenye daftari. Kwangu mimi upande huo wa nyuma, usioonekana ikivaliwa, ndio mzuri kuliko wa mbele.

Huyu Munshi anayetajwa kila mara ni nani?

Ni Abdul Karim, Mhindi Mwislamu aliyezaliwa karibu na Jhansi mwaka 1863. Alifika Uingereza mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya dhahabu ya Victoria, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake kusimama nyuma ya kiti cha malkia na kumwandalia mezani. Haukupita muda malkia akataka kujifunza lugha yake. Mtumishi akageuka mwalimu, na ndiyo maana ya neno munshi, mwalimu na mwandishi. Kwa miaka kumi na mitatu malkia aliandika mazoezi yake ya Kiurdu kwenye madaftari, bibi mwenye macho yanayofifia akikopi herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto.

Watu wa kasri walimchukia. Wengine walimchukia kwa rangi yake, wengine kwa kuwa alikuwa mtumishi, na wengine kwa yote mawili. Malkia aliliona hilo na aliwaambia wazi kwamba hakulipenda. Mwaka 1899, alipotimiza miaka 80, alimpa Munshi ngazi ya CVO. Haikuwa ngazi ya "Sir", lakini ilimweka juu ya wengi waliokuwa wakimnong'ona korido zile zile. Hii ndiyo nishani ikifanya kazi iliyoundwa kuifanya. Kwa nishani ile mzee alisema mbele ya watu wote kwamba huyu ni wangu na amenifaa, bila kumwomba waziri yeyote.

Mwisho wake unauma. Victoria alifariki Januari 1901, na mwanawe Edward VII akaamuru barua za malkia zilizokuwa nyumbani kwa Munshi zichomwe, naye arudishwe India. Alifia Agra mwaka 1909. Barua ziliteketea, nishani haikuchukuliwa.

Ni kweli mwalimu wa mfalme mwenye kigugumizi aliipata?

Ni kweli. Lionel Logue, Mwaustralia asiyekuwa na shahada ya udaktari, alimfundisha George VI kuzungumza mbele ya watu. Mwaka 1937, mfalme alipotawazwa na kuhutubia dunia kwa redio, Logue alipewa MVO. Akaendelea kukaa na mfalme kwenye hotuba baada ya hotuba, pamoja na ile ya tarehe 3 Septemba 1939 ya kutangaza vita, na mwaka 1944 akapandishwa hadi CVO. Hebu fikiri serikali ingemtunuku Logue kwa kipengele gani. Elimu? Tiba? Mtu aliyemsaidia mtu mwingine apitishe neno lililokwama kooni, ni mwenye koo lile tu anayejua thamani yake.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na mwingine uko Nyeri.

Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walikuwa Sagana Lodge, nyumba waliyopewa na koloni la Kenya kama zawadi ya arusi yao. Usiku wa kuamkia tarehe 6 walilala Treetops, kwenye mti, wakiangalia wanyama. Usiku huo baba yake, Mfalme George VI, alifariki kule Sandringham, Uingereza, na kwa saa kadhaa yeye alikuwa malkia bila kujua. Katibu wake, Martin Charteris, alikuwa hoteli ya Outspan, na huko ndiko mwandishi wa habari alikomfikishia taarifa zilizokuwa zikipita kwenye waya. Charteris akapiga simu Sagana, akampata Mike Parker, katibu wa Philip, Parker akamwambia Philip, na Philip akamchukua mkewe bustanini akamweleza. Charteris alipofika alimkuta ameketi mezani akiandika telegramu za kuomba radhi kwa kuahirisha safari. Alipomuuliza atatawala kwa jina gani, alijibu kwamba ni jina lake mwenyewe.

Parker aliishia na CVO. Charteris alikaa naye mpaka akawa katibu wake mkuu, na akaondoka kazini na GCVO, ngazi ya juu kabisa. Miaka yote ile ya utumishi ilitiwa muhuri asubuhi moja kwenye baridi ya Nyeri. Wapo pia Wakenya waliopika, waliofua na kutandika vitanda Sagana asubuhi ile. Simulizi inayorudiwa kila mara haiwataji kwa majina, nami nalisikitikia jambo hilo kila nikifika hapo.

Mwingine mwenye uhusiano na kwetu ni Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammed Shah, aliyepewa GCVO mwaka 1923. Wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka kwa jambo jingine, mwaka 1946, alipopimwa kwa mizani dhidi ya almasi katika jubilei yake.

Na Sultani wa Zanzibar na Apolo Kagwa, si walikuwa "Sir"?

Walikuwa, lakini kwa nishani nyingine. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alikuwa na nishani nyingi kubwa za Uingereza, GCB, GCMG na GBE. Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, alikuwa na KCMG. Hizo zote ni nishani za dola, za siasa za himaya na makoloni. Ukitaka kujua uhusiano wa mtu na Uingereza soma herufi zake. Zenye MG zinakwambia alikuwa na kazi na Wizara ya Makoloni au Mambo ya Nje. Zenye VO zinakwambia alikuwa karibu na mfalme mwenyewe, au alimpokea.

Kwa hiyo mwenye nishani hii lazima ni mtu mwema?

Hapana, na nataka hili lieleweke vizuri. Evelyn Baring alipewa KCVO mwaka 1947, baada ya George VI na familia yake kuzuru kusini mwa Afrika, ambako Baring alikuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza. Miaka mitano baadaye akaja Kenya kuwa gavana, na tarehe 20 Oktoba 1952 akatia sahihi tangazo la hali ya hatari. Kilichofuata tunakijua kwa majina ya kambi, Hola, Manyani, Mwea. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya elfu tano walioteswa wakati ule.

Nishani ile ilipima kitu kimoja, jinsi alivyomkirimu mfalme. Haikupima zaidi ya hapo, na hatupaswi kuibebesha zaidi ya hapo. Mtu anaweza kuwa mwenyeji mzuri kwa mfalme na bado mikono yake ikahusika na mateso ya watu wa Nyeri na Murang'a.

Inaweza kunyang'anywa?

Ndiyo. Kisa maarufu ni cha Anthony Blunt. Kuanzia 1945 hadi 1972 alikuwa msimamizi wa michoro ya kifalme, mtaalamu mkubwa wa sanaa, na mwaka 1956 akapewa KCVO, akawa Sir Anthony. Kumbe kwa miaka kadhaa alikuwa jasusi wa Urusi ya Kisovieti. Alikwisha kukiri kwa siri mwaka 1964, serikali ikanyamaza. Novemba 1979 Waziri Mkuu Margaret Thatcher alilitaja jina lake bungeni, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba malkia amemfutia nishani. Usaliti una uchungu wa aina yake pale asante uliyoitoa kwa mkono wako inapokurudia hivyo.

Naweza kujaza fomu kumpendekeza mtu?

Huwezi. Kwa nishani za serikali ya Uingereza mwananchi yeyote anaweza kuandika na kumpendekeza jirani yake. Kwa hii hakuna fomu. Majina hutoka ndani, kwa wakuu wa idara za kasri na ofisi za magavana jenerali, na neno la mwisho ni la mfalme. Ukitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba umechaguliwa kupokea "nishani ya kifalme" na utume ada ya kushughulikia, ujue huo ni utapeli. Haina ada.

Inakuja na fedha, nyumba au pensheni?

Haiji na chochote zaidi ya nishani yenyewe, hati, na ruhusa ya kuandika herufi baada ya jina lako.

Mwenye nayo huitwa "Sir"?

Ni ngazi mbili za juu tu ndizo zinazompa mwanamume jina la Sir na mwanamke jina la Dame. Mwanamume hupiga goti kwenye kigoda maalumu na kuguswa mabega kwa upanga. Elizabeth II alitumia upanga wa baba yake. Wanawake hawaguswi kwa upanga, wala makasisi.

Raia wa nchi ambayo mfalme wa Uingereza si mkuu wake, kama sisi wa Tanzania na Kenya, akipewa hupewa kama nishani ya heshima. Herufi ataziandika, lakini "Sir" hataitwa. Kanada nayo ina msimamo wake. Raia wake huipokea nishani hii hadi CVO, si zaidi, kwa kuwa Kanada haitaki raia wake wabebe majina ya Sir na Dame.

Wanawake walianza lini kuipata?

Mwaka 1936. Miaka arubaini ilipita, nishani yenye jina la mwanamke, iliyoanzishwa na mwanamke, ikiwa na ngazi za wanaume peke yao. Mwaka uliofuata mke wa George VI, yule aliyekuja kujulikana kama Malkia Mama, akafanywa Mkuu wa Nishani, cheo alichokishika mpaka alipofariki mwaka 2002. Tangu 2007 anakishika Binti Mfalme Anne.

Ina siku yake au makao yake?

Siku yake ni tarehe 20 Juni, siku Victoria aliyoshika kiti mwaka 1837. Kanisa lake ni dogo, liko mtaa wa Savoy, London, na limekuwa lao tangu 1938. Wenye nishani wamekuwa wengi kiasi kwamba ibada yao kubwa, inayofanyika kila baada ya miaka kadhaa, hufanyika Windsor, katika kanisa la St George, kwa sababu Savoy hawaenei.

Masultani wa Zanzibar walikuwa na nishani zao?

Walikuwa nazo. Sayyid Barghash alianzisha nishani ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar mwaka 1875, mwaka ule ule alioizuru Uingereza. Kwa Kiarabu ni al-Kaukab ad-Durri. Anayesoma Kurani atayatambua maneno hayo mara moja, yamo katika Aya ya Nuru, pale tungi lenye taa ndani yake linapofananishwa na nyota ing'aayo. Huo ni uteuzi wa jina wa mtu aliyejua anachokifanya. Nishani ile iliwaendea maofisa wengi wa kigeni waliofanya kazi Unguja, kwa hiyo ilikuwa ya utumishi na ya diplomasia kwa pamoja. Ilitangulia ile ya Victoria kwa miaka ishirini na moja, na watoto wetu hawafundishwi hivyo.

Nchi nyingine za kifalme zina kitu kama hiki?

Uholanzi ina Nishani ya Nyumba ya Orange, iliyoanzishwa na Malkia Wilhelmina mwaka 1905 na kupangwa upya mwaka 1969 ili ibaki kuwa ya shukrani za binafsi za kiti cha ufalme. Serikali haihusiki.

Na nishani za marais wetu?

Hizo ni nishani za taifa. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya nishani za taifa ya mwaka 2013, na mtu hutunukiwa EBS, MBS au OGW kwa utumishi kwa nchi. Rais huvisha kwa niaba ya Jamhuri. Dereva wa rais akipewa, amepewa kama mtumishi wa umma. Katika jamhuri ndivyo inavyotakiwa iwe.

Hupewa wakati gani, na mfalme akifa inakuwaje?

Kwa kawaida ni Mwaka Mpya na sherehe ya kuzaliwa kwa mfalme mwezi Juni. Zipo pia za papo kwa papo, mtu anapostaafu au ziara inapomalizika, na hapo mfalme huweza kumpa mtu kwa mkono wake faraghani, chumbani, bila hadhara.

Na mfalme akifa, mrithi wake huweza kutoa orodha ya pekee kwa waliomhudumia marehemu hadi mwisho. Septemba 19, 2022, wanajeshi wanane wa Grenadier Guards walilibeba jeneza la Elizabeth II, jeneza zito lililotandikwa madini ya risasi kwa ndani, wakalipandisha ngazi za kanisa la St George kule Windsor. Walikuwa vijana. Juu ya jeneza kulikuwa na taji, fimbo na tufe, na shavu la kila mmoja lilikuwa limegusa ubao. Walikwenda hatua fupi fupi, macho mbele, mikono imeshikana chini ya jeneza, ngazi moja, ngazi ya pili, na mamilioni ya watu wakiwa wameshika pumzi. Taji halikutikisika. Mwaka uliofuata, katika orodha hiyo ya pekee, Charles III aliwapa medali ya Victoria ya fedha.